Shirley Chisholm alikuwa pambo la Bunge tu?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tano, na klabu yao ya midahalo imepewa hoja hii: 'Shirley Chisholm alikuwa ishara tu, hakuwa mtunga sheria wa maana.' Yeye yuko upande wa kupinga. Amehangaika wiki nzima, na kila anachokipata ni kwamba alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia Bungeni, kwamba walimtupa Kamati ya Kilimo wakati yeye ni mtu wa mjini, na kwamba mwaka 1972 aligombea urais akashindwa vibaya. Juu ya hayo kasoma kuwa alikwenda hospitalini kumjulia hali mbaguzi mkubwa aliyepigwa risasi. Jana usiku kaniambia, 'Mama, labda hoja yenyewe ni ya kweli.' Nami sikuwa na jibu, maana hata hapa kwetu mwanamke akiingia Bungeni maneno ni hayohayo: kawekwa, kapendelewa, pambo. Je, huyu mama alifanya kazi gani hasa? Na binti asimamie hoja ipi Jumamosi?"

Marahaba, mama, na poleni kwa mjadala wa usiku. Nimefundisha historia ya siasa za Marekani kwa miaka mingi, na hoja hiyo nimekutana nayo darasani mara nyingi. Hamjakosea kuhangaika. Sifa za Chisholm zimeimbwa kwa neno moja, "wa kwanza", mpaka kazi yenyewe ikafunikwa. Mtu akisifiwa kwa kufungua mlango tu, mwenye akili atauliza: haya, na alipoingia ndani?

Kwanza tufagie uwanja, kwa sababu binti akipanda jukwaani na taarifa hizo mlizonazo atavunjwa dakika ya kwanza. Chisholm hakuwa Mmarekani mweusi wa kwanza Bungeni. Mwaka 1870, miaka mitano tu baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti na Joseph Rainey wa South Carolina akaingia Baraza la Wawakilishi, vyombo viwili vya Bunge lao. Hakuwa mwanamke wa kwanza pia. Huyo ni Jeannette Rankin wa Montana, aliyechaguliwa 1916. Wala hakuwa mwanamke mweusi wa kwanza kukaa katika chombo cha kutunga sheria. Mwaka 1928 Minnie Buckingham Harper aliteuliwa kujaza kiti cha marehemu mumewe katika bunge la West Virginia, na 1938 Crystal Bird Fauset akachaguliwa kwa kura huko Philadelphia kuingia bunge la Pennsylvania. Hata New York kwenyewe, Bessie Buchanan alikuwa amemtangulia.

Sehemu ya mkanganyiko huu ni ya lugha yetu. Tunasema "jimbo" kwa New York nzima yenye bunge lake na gavana wake, na tunasema "jimbo" kwa eneo la mbunge mmoja. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba fulani alikuwa wa kwanza "katika bunge la jimbo", hajui tena anaambiwa nini. Mweleze binti hivi: Chisholm alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la taifa la Marekani, lile la Washington. Alichaguliwa Novemba 1968 na kuanza kazi Januari 1969. Sentensi hiyo aikariri ilivyo, asiongeze chumvi.

Sasa hilo la "kawekwa". Marekani hakuna viti maalum. Kila mmoja wa wajumbe 435 wa Baraza la Wawakilishi anatoka katika eneo lake la uchaguzi, na asipopata kura anabaki nyumbani. Mtaa wa Bedford-Stuyvesant huko Brooklyn, sehemu ya jiji la New York, ulikuwa na weusi wengi, lakini mipaka ilichorwa kwa namna iliyowakata vipande, kila kipande kikamezwa na eneo la wapiga kura weupe. Baada ya mahakama kuagiza mipaka ichorwe upya, likazaliwa eneo la 12, na hapo kila mwanasiasa wa Brooklyn akaona nafasi. Chisholm alishinda kwanza kura za maoni ndani ya chama cha Democratic dhidi ya wenzake wawili. Kisha akakutana na James Farmer.

Huyu Farmer si mtu wa kupitwa haraka. Alikuwa mmoja wa waasisi wa CORE, chama cha kupigania usawa wa rangi, na mwaka 1961 aliongoza zile safari za mabasi kuelekea Kusini zilizovunja ubaguzi wa viti kwa gharama ya damu. Jina lake lilijulikana nchi nzima. Kampeni yake ilijinadi kwamba Brooklyn inahitaji sauti ya kiume Washington. Chisholm alikuwa na faida moja ambayo Farmer, mkaazi wa Manhattan, sehemu nyingine ya jiji, hakuwa nayo: alijua milango ya watu. Aliwahutubia Wapuerto Riko kwa Kihispania, lugha aliyoisoma chuoni. Aligundua kuwa katika daftari la wapiga kura wa eneo lile wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, akawafuata kwenye vikundi vyao. Katikati ya kampeni alifanyiwa upasuaji wa uvimbe. Wapinzani wakaanza kuuliza yuko wapi, naye akatoka kitandani kabla ya wakati na kupanda gari la vipaza sauti kuwaambia kuwa yupo na anatembea. Alimshinda Farmer kwa takriban kura mbili kwa moja. Kaulimbiu yake nitaitafsiri hivi: "Hanunuliwi, haamrishwi."

Tangu lini mtu wa namna hiyo anatoka hewani? Alizaliwa Brooklyn tarehe 30 Novemba 1924. Baba yake alitoka Guyana ya Waingereza, kibarua wa kiwandani. Mama alitoka Barbados, mshonaji na mfanyakazi wa majumbani. Kwa kuwa maisha yalikuwa magumu, watoto walipelekwa Barbados kwa bibi yao, wakarudi 1934. Shirley alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, baadaye msimamizi wa kituo cha kulelea watoto, na jioni alikuwa kwenye vilabu vya siasa vya mtaa kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kugombea chochote. Katika kimojawapo, kazi aliyopewa pamoja na wanawake wengine ilikuwa kupamba maboksi ya sigara yaliyotumika kwenye bahati nasibu ya kuchangisha fedha. Ndiyo, kupamba! Aliyapamba, kisha akasimama kikaoni kudai wanawake wapewe bajeti kwa kazi hiyo, na akaendelea kuuliza maswali mpaka wakubwa wa klabu wakachoka naye. Hilo neno "pambo" alilijua miaka mingi kabla ya Washington.

Mwaka 1964 alichaguliwa kwenye bunge la New York, huko Albany, na hapa ndipo utunzi wa sheria unapoanza, ingawa watu huruka sehemu hii. Alipigania mpango ulioitwa SEEK, uliowafungulia vijana kutoka familia maskini mlango wa chuo kikuu cha jiji la New York kwa kuwapa msaada wa masomo na fedha. Alipigania walimu wanawake wasipoteze haki zao za ajira kwa sababu ya kwenda kujifungua. Na alifanikisha sheria iliyowapa wafanyakazi wa ndani mafao ya kukosa kazi. Kumbuka hao wafanyakazi wa ndani, tutakutana nao tena.

Tuje kwenye Kamati ya Kilimo, ambayo naona ndiyo imemvunja moyo binti.

Kuelewa tukio hilo lazima uelewe Bunge linavyofanya kazi, la Marekani na hata la kwetu. Ukumbi mkubwa tunaouona kwenye televisheni ni sebule. Wageni wanakaa pale, maneno mazuri yanasemwa pale. Lakini chakula kinapikwa jikoni, na jiko la Bunge ni kamati. Muswada unafika kwenye kamati, wajumbe wanaita mashahidi, wanafuta kifungu, wanaongeza kifungu, au wanauacha ulale humo mpaka ufe. Mbunge ambaye hayumo kwenye kamati inayogusa watu wake anaweza kuhutubia mpaka sauti ikauke na asibadilishe mstari mmoja wa sheria.

Katika miaka ile, ndani ya chama cha Democratic, waliopanga nani aende kamati ipi walikuwa wabunge wa chama hicho waliokaa kwenye kamati ya kodi, chini ya mwenyekiti wao Wilbur Mills wa Arkansas. Na kilichotawala kila kitu kilikuwa ukongwe. Aliyekaa miaka mingi ndiye aliyepanda, na waliokaa miaka mingi walikuwa kwa sehemu kubwa wazee wa Kusini, ambako mtu mweusi alikuwa ameanza tu kupiga kura bila kuzuiwa. Mbunge mpya alitakiwa ashukuru na anyamaze. Chisholm aliomba kamati ya elimu na kazi, jambo ambalo mtu aliyetumia maisha yake kwenye shule za watoto alistahili kuliomba. Akapewa Kilimo, na ndani yake kamati ndogo zilizoshughulikia misitu na vijiji. Mwakilishi wa Bedford-Stuyvesant, misitu!

Alimfuata Spika, John McCormack, akashauriwa awe askari mtiifu. Hakutii. Kwenye kikao cha wabunge wa chama chake alinyoosha mkono na kusimama, akawa anapitwa kila mara na wakongwe. Mwishowe akatembea mpaka mbele ya ukumbi na kubaki pale amesimama mpaka aliyeongoza kikao akalazimika kumpa nafasi. Akaomba rasmi aondolewe. Alipewa kamati ya maveterani wa vita, akasema kwa maneno yake kwamba katika eneo lake wapo maveterani wengi kuliko miti.

Kwa hiyo anayesema "walimtupa Kamati ya Kilimo" anasema nusu ya habari. Ni kweli walimtupa, na ni kweli pia kwamba ndani ya majuma machache mbunge mgeni alikuwa amewalazimisha wakubwa kubadili uamuzi, kitu ambacho wageni hawakukijaribu. Ipo pia hadithi inayosimuliwa Brooklyn, kwamba akiwa na hasira ya kupewa Kilimo alikwenda kwa Menachem Schneerson, rabi mashuhuri wa Crown Heights, naye akamkumbusha kuwa nchi ina chakula cha ziada na watu wenye njaa. Nadhani hadithi imeng'arishwa kwa kusimuliwa, lakini msingi wake ni wa kweli. Marekani vocha za chakula kwa maskini husimamiwa na wizara ya kilimo, na Chisholm baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa kupanua vocha hizo na wa mpango wa lishe ya wajawazito na watoto wachanga ulioanzishwa 1972.

Kamati ya elimu aliipata 1971, na jinsi alivyoipata ni jambo ambalo upande wa pili wakilijua watalitumia. Chama kilikuwa kinachagua kiongozi wake wa Bunge. Mmoja wa wagombea alikuwa John Conyers wa Michigan, mweusi mwenzake. Chisholm alimpigia Hale Boggs, mweupe kutoka Louisiana, aliyekuwa na uwezo wa kushinda, na Boggs alishinda. Muda si mrefu Chisholm alikuwa kwenye Kamati ya Elimu na Kazi. Wapo waliomwita msaliti. Mimi nalitazama hivi: aliyekwenda Bungeni kuonekana tu angempigia Conyers, apigiwe makofi, kisha arudi kwa maveterani wake. Yeye aliitumia kura yake kununua nafasi jikoni. Binti anaweza asikubaliane nami, na ni haki yake, lakini asilikwepe. Hoja hii, ukiitazama vizuri, inaipinga dhana ya "ishara" kuliko zote.

Mle kwenye kamati alifanya nini? Pamoja na Bella Abzug, mbunge mwingine wa New York, aliwasilisha mwaka huohuo muswada wa fedha za serikali kuu kwa ajili ya malezi ya watoto mchana, lengo likiwa kufikia dola bilioni 10 mwaka 1975. Muswada uliofanana na huo, ulio mpole zaidi, ulipita Seneti na Baraza la Wawakilishi. Rais Richard Nixon akaukataa Desemba 1971. Huo ni ushinde, tuuite hivyo.

Sasa wale wafanyakazi wa ndani. Sheria ya Marekani ya kima cha chini cha mshahara ilitungwa 1938 na kuwaacha nje wapishi, wafuaji na yaya wa majumbani, ambao wengi walikuwa wanawake weusi. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu angeweza kumlipa mfanyakazi wa nyumbani kiasi chochote na asiwe amevunja sheria. Chisholm, ambaye mama yake alikuwa ameosha nyumba za watu, alilibeba suala hili pamoja na wenzake. Mwaka 1973 Nixon alikataa muswada. Mwaka 1974 ukarudi, ukapita tena, safari hii akatia saini. Ndiyo maana nilikuomba uwakumbuke: Albany aliwapatia mafao, Washington akasaidia kuwapatia kima cha chini. Ni miaka kama kumi ya kufuatilia jambo moja la watu ambao hawana chama chenye nguvu wala fedha za kuchangia kampeni. Ningekuwa binti yako, ningeanza hotuba yangu hapa.

Na hapa pia ndipo anapoingia yule mbaguzi wa hospitalini. George Wallace, gavana wa Alabama, ndiye aliyeapishwa 1963 akitangaza ubaguzi leo, kesho na milele. Mwaka 1972 wote wawili walikuwa wanagombea urais ndani ya chama kimoja. Mei 15 Wallace alipigwa risasi huko Maryland, akapooza miguu. Chisholm akaenda kumwona. Wapiga kura wake Brooklyn walighadhibika. Kwa simulizi yake mwenyewe, Wallace alimuuliza watu wako watasemaje, akamjibu kuwa anajua watakachosema, lakini asingependa yaliyompata yeye yampate mtu yeyote, Wallace akalia. Baadaye, muswada wa wafanyakazi wa ndani ulipohitaji kura za wabunge wa Kusini, inaelezwa kwamba Wallace alisaidia kuzitafuta. Sitaki binti aseme alikwenda hospitalini kwa hesabu hiyo. Hakuna aliyeweza kujua ya mbele. Kwetu mgonjwa hujuliwa hali hata kama mna kesi. Aliseme jambo hilo kwa unyenyekevu, asiligeuze mbinu.

Turudi nyuma kidogo, kwenye urais. Alitangaza nia Januari 25, 1972, katika kanisa la Kibaptisti la Concord, Brooklyn. Alisema yeye si mgombea wa Wamarekani weusi ingawa ni mweusi na anajivunia, wala si mgombea wa harakati za wanawake ingawa ni mwanamke na anajivunia vilevile. Ni mgombea wa watu wa Marekani. Alipata kura zipatazo 430,000 katika kura za maoni, chini kidogo ya asilimia 3 ya zote. Ukitazama namba hiyo peke yake utasema binti amekwisha. Lakini katika mfumo wao kura za maoni hazimchagui mgombea moja kwa moja. Zinachagua wajumbe wa mkutano mkuu, na mgombea ni yule anayepata zaidi ya nusu ya wajumbe. Mwaka ule kulikuwa na wajumbe 3,016 na nusu ilipitwa kwa 1,509. Kama hakuna anayefika hapo katika duru ya kwanza, kinachoanza ni biashara, na mwenye wajumbe wachache anakuwa tajiri ghafla.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya Chisholm. Alitaka akae mezani na kudai mambo mahususi: mgombea mwenza mweusi, mwanamke kuongoza wizara ya afya, elimu na ustawi, Mhindi Mwekundu kuongoza wizara ya mambo ya ndani ambayo kwao ndiyo inayosimamia ardhi. Kete yenyewe ilikuwa California. George McGovern, mgombea aliyekuwa akiongoza, alishinda jimbo hilo, na kwa kanuni zake akachukua wajumbe wote 271. Wapinzani walitaka wagawanywe kulingana na kura. Kama wangegawanywa, McGovern angekosa nusu. Mkutano wa Miami Beach mwezi Julai uliamua abaki nao wote, na pale mlango wa biashara ukafungwa. Hubert Humphrey, mgombea mwingine, alipoona imekwisha aliwaachia wajumbe wake weusi wampigie Chisholm, na hivyo akamaliza na kura 152 katika duru ya kwanza.

Mkakati wake ulikuwa na mantiki, ila ulishindwa. Sababu nyingine ni zake mwenyewe: kampeni iliendeshwa kwa fedha kidogo, takriban dola 300,000, wafanyakazi wake wengi walikuwa wanafunzi wa kujitolea, na mpangilio ulikuwa wa ovyo katika majimbo kadhaa. Nyingine hazikuwa zake. Wanasiasa wengi weusi wa kiume walimpita kando na kwenda kwa McGovern au Humphrey, na viongozi kadhaa wa harakati za wanawake walimuunga mkono kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa kwa McGovern. Alifungiwa midahalo ya televisheni mpaka alipochukua hatua za kisheria ndipo akapewa muda. Kwa miezi kadhaa, mumewe, Conrad, ndiye aliyekuwa mlinzi wake huku vitisho vya kuuawa vikija.

Katika wale wanafunzi alikuwemo msichana mmoja wa chuo cha Mills, Oakland, aliyekuwa hata hajajiandikisha kupiga kura. Chisholm alimwambia akajiandikishe kwanza ndipo waongee. Jina lake Barbara Lee. Mwaka 1998 aliingia Baraza la Wawakilishi, na 2001 alikuwa mbunge pekee katika vyombo vyote viwili aliyepinga idhini ya vita baada ya Septemba 11. Chisholm naye alikuwa ametoa hotuba yake ya kwanza Bungeni, Machi 1969, kupinga vita vya Vietnam, na kuahidi kukataa kila bajeti ya silaha mpaka vipaumbele vibadilike.

Baada ya 1972 alirudi jikoni. Mwaka 1977 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kwenye Kamati ya Kanuni, ambayo ndiyo inayoamua muswada upi ufike ukumbini, lini, na kwa masharti gani. Kuanzia mwaka huo hadi 1981 alikuwa pia katibu wa wabunge wa chama chake. Chama chenye akili hakimpi pambo funguo za namna hiyo. Aliondoka Januari 1983 baada ya miaka 14, akafundisha chuo cha Mount Holyoke, akafariki Florida tarehe 1 Januari 2005. Barack Obama alimpa nishani ya juu ya kiraia 2015, yeye akiwa kaburini.

Basi binti asimame wapi? Naona ana njia tatu. Ya "wa kwanza" ni rahisi, lakini inawapa wapinzani hoja yao: wa kwanza ndiye ishara. Ya urais ina msisimko, ila inahitaji kueleza wajumbe na California kwa dakika mbili, na mshindani mjanja atarusha ile asilimia 3 na kuketi. Mimi ningechukua njia ya kamati na wafanyakazi wa ndani, urais niuweke akiba kwa maswali. Na akubali mapema yaliyo kweli: sheria zenye jina lake ni chache, muswada wa malezi ulikufa mkononi mwa Nixon, na kazi kubwa aliifanya pamoja na wengine. Mshindani atabaki hana cha kufichua. Hata hivyo mbunge mmoja kati ya 435 hatungi sheria peke yake. Anayedai hivyo kuhusu mbunge yeyote, mwanamume au mwanamke, anatia chumvi.

Yangu ni ya karatasi, na kuna jambo ambalo karatasi haitampa. Kama kwenu yuko mama aliyewahi kuwa mbunge au diwani, hata wa zamani, mpeleke binti akamsalimie kabla ya Jumamosi. Amuulize swali moja: ulipangiwa kamati gani, na uliomba ipi? Akae asikilize. Na ile hotuba aisome kwa sauti mbele ya mwalimu wao wa midahalo, mara mbili, kwa saa.

Ukimwona amekata tamaa tena, mpe na hiki. Chuoni Brooklyn, Shirley alikuwa mzungumzaji wa klabu ya midahalo. Baada ya mdahalo mmoja, profesa wake wa siasa, Louis Warsoff, mzee asiyeona, alimwambia aingie siasa. Alimjibu kwamba profesa amesahau mambo mawili: yeye ni mweusi, na ni mwanamke.

Halafu, mama, jina lenyewe. Asilitamke "Chisholimu" kama lilivyoandikwa. Herufi ya L haisikiki, ni "Chizam". Watahiniwa wengi hukosea hapo, na majaji wengine ni wakali.